Deni la Rangi

Aliyemchora Mfalme Mikaelkuda ukutani Dongola
ni baba yangu. Mimi nilisaga rangi:
udongo mwekundu, makaa ya mgunga,
ute wa yai wa kushikia. Nilikuwa na miaka tisa
na vidole visivyotakata hata Jumapili.

Mfalme alikuja mara moja tu, apimwe sura.
Akaketi juu ya gunia la chokaa, akavua viatu,
na hapo nikaona: mguu wa kushoto mfupi.
"Niongezee kiganja," alimwambia baba.
"Adui hamkimbii mtu anayechechemea."
Baba akamwongezea viwili,
akampa macho makubwa kama ya bundi aliyeamshwa,
na nyuma yake malaika, mabawa yamemfunika mabega
kama kuku na kifaranga.

Ahadi ilikuwa fahali mmoja na ngano magunia sita.
Kesho, alisema mfalme.

Kesho yake vita. Wapiga upinde wake
waliwarudisha kwao wapanda farasi wa kaskazini,
wengi wao wakipapasa njia kwa mikono.
Kisha akavunja hadharani pishi za makarani
zenye vitako vya uongo, wajane wakampigia vigelegele.
Kisha akamnyoa Yesusiko, mtoto wa dada yake,
mrithi halali kwa desturi yetu,
akamfungia katika monasteri isiyo na kisima.
Maji alipelekewa kwa punda. Kila Pasaka, yakiwa na asali.
Sijui hilo niliite nini.

Akafa kwa homa, mto ukiwa umefurika.
Wachimba kaburi hawakuwahi kumwona kwa karibu,
wakachukua kipimo kwenye picha.
Maiti ikapwaya. Mashemasi
wakaliziba pengo la miguuni kwa matofali,
usiku, wakiimba kwa sauti ya chini.

Baba naye akafuata, hajaona hata ukwato wa fahali.

Sasa meno yangu yamebaki manne.
Wanawake huleta watoto wasiotembea,
huusugua mguu wa picha ulio karibu na mlango,
huubusu, huukwangua kidogo,
wakawanywesha watoto ule unga kwa maji.
Ni wa kushoto. Hakuna aliyewaambia.
Miaka hamsini ya midomo imeula hadi kifundo,
na mfalme, pamoja na mabawa yote yale,
amerudi kuchechemea.

Jana padri mpya alinijia na bakuli mkononi:
"Mama, mrudishie mfalme wetu mguu."
Nikamwambia dawa ya deni kulipa.
Akacheka, akadhani ni fumbo.
Nikamhesabia kwa vidole: magunia sita.
Na fahali,
awe mwekundu.