Hesabu ya Piko

Barke hupamba maharusi Barani,
mlango wa pili kutoka kwa fundi cherehani.
Amenishika mkono wa kushoto, piko iko tayari kwenye kijiti,
anauliza: Salha, nikuchoree ua gani?
Nichoree saa, nikamwambia.
Akacheka hadi kijiti kikatetemeka.

Anza na daraja, Barke.
Sabaki naivuka mara mbili:
kilomita ya saba, jua lingali changa,
na kilomita ya thelathini na tano,
maji yale yale ya rangi ya matofali
lakini daraja si lile.
Andika arobaini na nne, hapa penye kifundo.
Acha nafasi.

Tunaondoka saa kumi na mbili kamili,
na hapo ndipo Mswahili alipobarikiwa:
saa ya ukutani na saa ya miguu ni moja.
Ikigonga mbili, nami nina saa mbili barabarani.
Sina haja ya kutoa wala kujumlisha.

Mwaka jana sikuandika kitu.
Kusi ilinisukuma mgongoni kama mkono wa shangazi
anayemtoa mwali ukumbini,
nikaipita Mambrui nikiwapungia watoto wa chuo,
nikadhani kasi ile ni yangu.
Kumbe nimekopa.
Mimi, ninayeandika madeni ya watu
katika duka zima la saruji na misumari,
ninayejua nani hulipa
na nani hubadili njia akiniona,
nilikopa bila daftari.
Upepo hautii sahihi.
Niligeuka kule karibu na Gongoni
nao ukanikuta uso kwa uso, unadai.

Nilikaa darajani, ukingoni,
miguu imekuwa ya mtu mwingine.
Lori la chumvi likanichukua.
Nikarejea mjini juu ya magunia,
chumvi chini yangu, chumvi usoni,
na utingo ananiuliza kwa upole
kama nimefiwa.

Tajiri wangu aliposikia, akasema:
Mwenda pole hajikwai.
Nikamuuliza, pole ya dakika ngapi?
Maana methali haikusema.

Basi andika, Barke, na usizirembe tarakimu.
Kwenda: sita na ishirini kwa kila kilomita,
hata kusi ikinibembeleza,
hata wa nyuma wakinipita mmoja mmoja,
hata yule kijana wa benki mwenye viatu rangi ya chungwa
akigeuka kunitazama.
Niwe bahili. Niwe mwanamke
anayepima unga kwa kibaba na kukisawazisha kwa kidole.
Kugeuka: saa mbili na dakika kumi na tatu.
Kurudi: sita na ishirini na nane.
Hizo sekunde nane ni ushuru wa upepo,
nimeshaziweka kando, sitazililia.
Darajani tena: saa tatu na arobaini na tatu.
Hapo nitapita katikati ya barabara,
nisiuone ule ukingo.
Baada ya hapo usiandike.
Kilomita saba za mwisho hazina hesabu,
niachie ngozi tupu.

Barke amenyamaza kitambo.
Anapuliza piko ikauke, pumzi yake ina iliki.
Hii haitoki wiki mbili, anasema.
Ukishindwa, utakaa dukani
na aibu yako mkononi, kila mteja aisome.

Najua.
Deni huandikwa lionekane.

Ameosha kijiti. Kisha, kana kwamba amekumbuka jambo,
amekichovya tena,
na bila kuniuliza, pale nilipotaka pabaki patupu,
kati ya tarakimu ya mwisho na kiwiko,
akachora jani moja la mrehani, dogo,
ncha yake imeelekea mjini.