Rudi na Kidole

Nyemo anasoma, kidole kikiitangulia sauti:
"Mbuzi wa babu amekula mtaa."

Nami nameza neno.
Liko tayari ulimini, limeiva, linawasha.
Ningelitema tu, naye angelidaka,
tungemaliza ukurasa kabla ya kengele ya uji.
Nahesabu moja, mbili, tatu.
Chaki inalowa jasho kiganjani.

Mwalimu wangu kule Kongwa hakuhesabu.
Alikuwa na rula, na rula ile ilijua kusoma kuliko sisi sote.
Nikajifunza kusoma paji la uso wake:
likikunjamana nimekosa,
likinyooka nimepata.
Kitabu nilikishika tu.

Kwa hiyo uso wangu leo ni ukuta.
"Mbuzi amekula nini?"
"Mtaa."
"Mtaa gani?"

Darasa linapasuka. Lechipya, dawati la nyuma,
anasema labda ule wa mashine ya kusaga,
maana mbuzi wa hapa Mvumi hawashindwi kitu.
Nyemo hacheki.
Anarudi nyuma, kidole kikiburuza vumbi juu ya karatasi,
m, ta,
kinasimama. Kimegonga kitu,
kama jembe lililokuta jiwe.
"Kuna ma! Mtama!
Hata mimi nilisikia haikai sawa, Mwalimu,
ila nilikuwa nakimbia."

Nilikuwa nakimbia.
Hilo sikumfundisha.

Desemba sasa. Anga jeupe, limekauka
kama bakuli lililolambwa.
Mbegu za uwele zinangoja ndani ya debe, chini ya kitanda changu,
na kila usiku nasikia panya wakizijaribu.
Nasimama mbele, nawasomea kwa sauti ya mtu anayejua:
"Mvua itanyesha usiku kucha, na korongo likajaa."

Kimya.
Watoto arobaini na wanane, kimya.
Nyuso zao ni ukuta.
Midomo tu inacheza: moja, mbili, tatu.
Kisha Nyemo, taratibu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango:
"Mwalimu, mvua imefanya nini?"

Narudi na kidole.
I, li.

"Ilinyesha," nasema.
"Nilikuwa nakimbia."

Hakuna anayecheka.
Wanajua nilikokuwa nakimbilia.
Upepo unapiga bati, vumbi linaingia dirishani,
linatua juu ya sentensi,
nalifuta kwa kiganja
tunaendelea.