Maharage ya Isyonje

Mwezi wa kumi na moja, mvua bado inajishauri.
Nimekaa juu ya jiwe, Isyonje, ndani ya koti la marehemu baba:
mfuko wa kushoto maharage, wa kulia mtupu.
Kila kipanga akivuka bonde, harage linahama.

"Kipanga ni kipanga, Subilaga," mama alisema alfajiri.
"Mwenye akili huhesabu vifaranga."

Saa nne jua likapasha matuta ya viazi, hewa ikanyanyuka,
nao wakaja wakizunguka kama majani ya chai yakikorogwa,
hawapigi bawa, hawabishi hodi,
nyuma yao kozi wa miguu myekundu wakidaka kumbikumbi.
Kumi. Arobaini. Vidole vikapitwa.
Kisha ukungu wa Rungwe ukafunga mlango,
na waliosalia nikawasikia tu —
hapana, sikuwasikia.
Nilisikia ng'ombe wa Mwazembe
na pikipiki ikishuka kutoka Igoma.

Jioni mama akageuza mfuko wa kulia juu ya sufuria.
Hakuuliza.
"Mia mbili na tatu," nikasema. Tukawala kwa viazi.

Usiku, nikitundika koti, bitana ilipochanika
nikapapasa harage moja.
Sijui lilikuwa limehama
au bado.