Kiti cha Saba

Baba anatuhesabu kama anayehesabu mayai:
bibi Saveta, mimi, Tudor, mapacha,
yeye mwenyewe. Sita.
Kisha anakunja kidole kimoja zaidi, hasemi.

Jumamosi, Bacău, uwanja wa magari yaliyotumika.
Theluji imekuwa tope la rangi ya chai.
Magari yametoka Ujerumani, yamesuguliwa nta,
na kila moja, aapa muuzaji, lilikuwa la daktari mzee
aliyeliendesha Jumapili tu, kwenda kanisani.
"Madaktari wa huko wacha Mungu kweli," bibi akasema.

La kwanza lina viti saba, naam,
ila viwili vya nyuma vilishonewa watu wasio na miguu.
Tudor alijikunja humo, magoti masikioni,
panzi ndani ya kiberiti.

La pili lilikuwa likibeba mikate.
Hamira bado inanukia kwenye dari.
Mapacha wakalipenda papo hapo, na bei ilikuwa ya kuokota,
lakini huku nyuma hakuna mikanda.
Baba akafunga mlango polepole,
kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

La tatu, la kijivu. Dizeli.
Yuro elfu sita na mia tatu.
"Kilomita laki moja na kumi," akasema Bwana Grosu, mkono kifuani.
Baba hakubishana. Aliinama,
akapapasa kanyagio la breki:
mpira umelika, chuma kinang'aa kama jino.
"Namba hurudishwa nyuma," alisema. "Mguu hausahau."
Zikashuka mia tisa.

Fedha ziko kwenye bahasha, bahasha iko kifuani mwa bibi,
na kabla ya hapo zilikuwa Bologna,
ambako mama, mwaka wa tatu sasa,
anamgeuza kitandani mwanamke asiye mama yake,
anamkata kucha, anamsomea barua za benki.
Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la jiografia:
tairi moja, usiku ishirini na sita.
Sikumwonyesha mtu.

"Mko sita," Grosu akasema. "Hicho cha saba king'oeni,
mtapata nafasi ya magunia manne ya viazi."
"Kikae," baba akajibu.
Neno moja tu, na Grosu akaangalia viatu vyake.

Tulimpigia mama. Baba akaizungusha simu:
usukani, taa, kutu ndogo chini ya mlango.
Hakuuliza injini, hakuuliza mafuta.
"Mimi nitakaa wapi?"
Mapacha wakagombana hadi Horia akalia.

Tukarudi nyumbani na risiti na ufunguo mmoja,
wa pili, eti, utatumwa.
Mara akavuta mkanda wa kiti kitupu, akaufunga.
Baba aliona kwenye kioo,
hakumwambia aufungue.

Hita haifanyi kazi.
Hilo hatukuuliza.