Namba Kumi na Saba

Miaka tisa niliipeleka mbioni ikidai kitu:
nati ya tangi, kioo cha kushoto,
mkanda wa msoma ramani uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Sasa nauza, ndipo nimepata muda.
Nimekaza kila kilicholegea.
Nimeosha injini kwa mswaki na dizeli
hadi fundi Lushinge akaniuliza,
"Unauza gari au unaoza binti?"

Wanaotaka sababu nawajibu: magoti.
Siyo magoti.

Kubandua namba ndiko kulikonichelewesha.
Kumi na saba, mlango wa kulia. Kumi na saba, wa kushoto.
Nilitumia maji ya moto, nikatumia kucha.
Stika ikatoka, rangi ya chini yake imebaki mpya,
nyekundu ya siku ile tulipoipulizia pale Igoma,
kwa hiyo namba bado inasomeka,
imeandikwa kwa rangi ambayo jua halikuigusa.

Mnunuzi alitoka Geita, kwa kivuko cha Kamanga cha asubuhi.
Minza Bujiku, fundi wa kuchomelea,
mikononi ana makovu madogo madogo ya cheche.
Sikumficha.
Gia ya tatu hung'ang'ania ikiwa baridi.
Ukishika breki, inavuta kushoto.
Ubavu huu ulilala kwenye jiwe,
tukaunyoosha kwa nyundo na matusi.
Nikamwambia pia kwamba haijawahi kushinda.
Nafasi ya sita, mara moja,
na siku hiyo tulioanza tulikuwa saba.
"Na wa saba?"
"Aliishiwa mafuta."
Akacheka, akalala chali chini ya gari na tochi mdomoni
akakaa humo nusu saa bila neno.

Tukaenda nyuma ya Kisesa,
pale barabara ya vumbi inapokunja kati ya mawe mawili.
Nikampa ufunguo, nikashuka.

Sikuwahi kusimama pembeni.
Miaka yote hiyo nilikuwa ndani,
changarawe zikipiga sakafu, pumzi yangu ikijaa kofia,
Kulwa akisoma: kulia tatu, kaza, kushoto mbili,
na injini kwangu ilikuwa joto tu, joto la magotini.
Sasa nimesimama na watoto wawili na mbuzi wao,
na inakuja.

Kwanza vumbi juu ya mihogo.
Kisha sauti, nyembamba, ikapanda,
ikakatika kidogo anapobadili gia, ikapanda tena.
Jamani. Kumbe ndivyo unavyolia?

Kwenye kona ile mimi huinua mguu.
Kila mara. Nilisingizia tairi, nikamsingizia Kulwa.
Minza hakuinua.
Kitako cha gari kikaenda upande,
kikafikiri,
kikarudi.
Mbuzi wakatawanyika. Mtoto mmoja akamwambia mwenzake,
"Yule ndiye mwenye gari."
Sikumsahihisha.

Bei tulishakubaliana, nikapunguza laki mbili.
Sikutoa sababu, naye hakuwa ameomba.
Saa nane mchana aliingia nayo kivukoni,
mfanyakazi akipunga mikono yote miwili: zima, zima!
Ikawa kimya kati ya lori la saruji na kreti za soda.
Kumi na saba ilionekana, ikaonekana,
mpaka pantoni ikageuza ubavu.

Nyumbani, nilipovua suruali,
spana namba kumi ikaanguka sakafuni.
Ni ya vichwa vya betri yake.
Nikamwandikia: spana yako imebaki kwangu.
Akajibu usiku, baada ya saa tatu nzima:
*Kaa nayo. Mwezi wa nane nakimbia Biharamulo.
Sina msoma ramani.*

Sijajibu.
Spana iko dirishani, karibu na dawa ya mbu.
Kabula ananiuliza kwa nini naosha vyombo
nikinong'ona,
kulia tatu, kaza,
usiinue,
usiinue.