Dede

Jumanne walikata kipande cha titi la kushoto,
kidogo, kama punje ya mchele,
wakakitia kichupani, wakaandika jina langu
kwa kalamu inayovuja: Driciru Jesca, miaka 31.
Jioni kikapanda basi la Kampala.
Mimi sijawahi kuvuka Karuma.
Nyama yangu imenitangulia mjini.

“Majibu wiki tatu,” alisema Sista Onziru,
“au nne, mashine ikisumbua.”
Alisema vile mtu anavyotaja bei ya nyanya.

Jumatano ukaota jino.
Nililijua kabla ya kuliona:
uliniuma titi la kulia, lile lililobaki lako,
nikapiga ukelele, ukacheka,
ukauma tena usikie kama sauti ile itatoka.
Bibi yako akaacha kumenya muhogo,
akakutia kidole chenye harufu ya moshi,
akapapasa ufizi. La chini! La chini!
Hukuwa kigego. Nyumba haina nuksi.
Akaniangalia tucheke pamoja, nikacheka.
Mimi nimemwambia ni jipu.

Usiku, taa imezimwa, napapasa na mimi.
Kidole hiki kwako, kutafuta jino la pili.
Kidole hikihiki kwangu, juu ya bandeji.
Kitu kigumu kinachomea chini ya nyama:
kwako tumekipigia vigelegele
hadi majirani wa upande wa soko wakauliza
kuna harusi?

Baba yako alipiga simu kutoka Juba, lori limekwama mpakani.
“Feni anasemaje?”
Anasema ba-ba-ba.
“Ananiita!”
Ulikuwa unamwambia kuku, lakini nilimwachia furaha yake.
“Na wewe?”
Salama.
Neno hilo nalo lina mgongo, maana limebeba mengi.

Wiki ya pili ulitambaa kinyumenyume.
Uliliona kopo jekundu, ukalitaka kwa moyo wote,
ukasukuma kwa mikono,
na kopo likazidi kwenda mbali.
Ulilia kwa hasira, Mungufeni, mpaka jasho likakutoka puani.
Nilicheka, kisha nikakaa kwenye mkeka karibu yako
kwa sababu nilikuwa nimekuelewa.

Siku ya mizani walikutundika kwenye ndoano
ndani ya ile kaptura ya turubai, miguu ikining’inia.
Kilo nane na robo.
Mstari wako kwenye kadi unapanda
kama njia ya kwenda juu Mlima Wati.
Muuguzi akanisifu: “Maziwa yako ni mazuri, mama.”
Nikaikunja kadi, nikaiweka mkobani
kando ya karatasi yangu, isiyo na mstari,
yenye neno moja tu: inasubiriwa.

Wiki ya tatu, kimya. Mvua.
Ukajifunza kupiga makofi, lakini viganja vinapishana.

Leo ni wiki ya nne na siku mbili.
Nilikuwa naanika nepi, simu ikalia.
Sista Onziru hakusema bei ya nyanya safari hii.
Aliuliza habari za mtoto, habari za mvua.
“Yamerudi. Njoo kesho asubuhi.”
Akanyamaza kidogo.
“Usije peke yako.”

Ndipo nikageuka
nikakukuta umeshika ukingo wa dumu la maji,
magoti yanatetemeka kama ya mzee aliyetoka kitandani,
kisha mkono mmoja ukaachia,
kisha wa pili.

Dede, nikasema. Simu bado sikioni.
Dede, dede, dede.

Moja. Mbili. Tatu karibu ifike.
Ukaanguka kwa makalio, pu!
Vumbi likaruka.
Midomo ikaanza kupinda, lakini hukulia.
Ulinitazama usoni kwanza,
ujue kama jambo hili ni la kulia.

Nikaweka simu chini.
Nikapiga makofi.