Kengele ya Chumba cha Nne

Juu ya mlango wa mbele kuna jiwe,
na kwenye jiwe, jina la kijiji cha kwao
alilolichonga Mwingereza wa dhahabu ya Chunya
asije akasahau alikotoka.
Tumelifunika kwa bango: HUDUMA HII HAILIPIWI.
Lakini jua la saa tisa likipiga kwa ubavu
herufi zake huchungulia chini ya zetu.

Ofisi ya Ardhi, Mbeya, mgongo umeegemea Loleza.
Mimi ni karani wa masijala. Nakaa bafuni.
Usicheke. Hodhi bado lipo,
la chuma, miguu minne ya simba,
limeng'ang'ania sakafu kama mtumishi aliyekataa uhamisho.
Humo nimelaza mafaili ya viwanja vyenye kesi.
Baridi ya Juni inayalainisha,
mlalamikaji anagandana na mlalamikiwa
hadi nawatenganisha kwa kisu cha mezani.

Dirisha langu ni la kupandisha na kushusha.
Ndani ya mwimo, gizani, yananing'inia mapande ya risasi
yaliyopimwa uzito na kioo, sawa kwa sawa,
hata mtoto angelinyanyua kwa kidole kimoja.
Hayo nimeambiwa. Kamba zilikatika kabla sijazaliwa.
Sasa linashikiliwa na rejista ya mwaka sabini na nne.

Chumba cha nne ni cha Afisa, Bwana Mwaisumo.
Dari lina waridi la lipu, petali tisa,
na katikati, palipotundikwa taa ya vioo,
pana balbu moja na uzi wa buibui.
Pana meko pia, ya mawe ya mto,
ila kunguru wameziba dohani,
basi hita ya nyaya mbili imechutama ndani yake
kama mjukuu kwenye kiti cha babu.

Ngazi ni mbili.
Ya mbele ni ya mninga, pana,
inapinda taratibu kama mtu anayejua anatazamwa.
Ya nyuma imefichwa ndani ya ukuta,
nyembamba, kali,
ili sinia lipande na ndoo ishuke
bila jicho kukutana na jicho.
Babu yangu Asangwile aliipanda miaka tisa.
Hadi anakufa, goti lake lilijua idadi:
vidato kumi na saba.
Siku yangu ya kwanza kazini nilivihesabu.
Kumi na nane.
Sijui nani kati yetu aliruka kimoja.

Jumanne ile fundi wa intaneti, kijana Lusekelo,
alitoboa ukuta wa chumba cha nne,
keekee ikanasa waya usio kwenye ramani yoyote.
Akauvuta.
Na huku chini, jikoni,
kwenye ubao tuliodhani ni wa kutundikia vikombe,
kengele ikalia.

Mama Sikujua wa chai alikuwa anamenya viazi.
Kisu kikasimama. Akajifuta mikono kwenye khanga,
akainuka nusu.
Sote tulimwona akiinuka,
na sote tukaona alivyojiona.
Akakaa.
Akachukua kiazi kingine.
"Mwenye shida," alisema, "ashuke."

Akashuka, Bwana Mwaisumo, na tai yake,
kwa ngazi ya nyuma kwa kuwa ndiyo ya karibu,
anauliza kuna moto au kuna nini.
Tukacheka mpaka vifuniko vya sufuria vikaitikia.

Dirishani, kale pakipitishwa sahani,
leo ndipo wananchi wanapohudumiwa,
alisimama mama mmoja wa Uyole tangu saa mbili asubuhi,
risiti imefungwa kwenye pindo la kitenge.
Alingoja tumalize kucheka.
Kisha akauliza, kwa upole tu:
"Hiyo kengele, sisi wa huku nje
tunaipigia wapi?"

Hakuna aliyemjibu.
Nilichukua namba ya kiwanja chake,
nikapanda ngazi ya nyuma kwenda hodhini,
mkono ukipapasa ukuta, midomo ikihesabu,
na nilipofika juu
vilikuwa kumi na saba.